Kujenga au Kupanga

Kwenye Wikipedia ya Kiingereza kuna ukurasa unaoitwa AccessibleComputing. Ukiufungua haukupi kitu. Unakusukuma moja kwa moja kwenye ukurasa mwingine, unaohusu namna watu wenye ulemavu wanavyotumia kompyuta. Jina lake ni maneno mawili yaliyobanana, na herufi kubwa ya pili imechomoza katikati kama nundu ya ngamia. Leo hakuna anayeandika kichwa cha makala namna hiyo. Ni kovu lililobaki tangu 2001, wakati kamusi elezo hiyo ilipokuwa mpangaji katika nyumba ya mtu mwingine.

Neno "mpangaji" nimelichagua kwa sababu mjadala wenyewe ni ule ule tunaousikia kila mwisho wa mwezi kodi inapodaiwa. Kila mradi wa programu huria ukishakua kidogo huhitaji mahali pa kuandika: maelekezo, maamuzi, orodha ya yaliyoharibika. Hapo ndipo swali linapoingia. Tuchukue programu ya wiki iliyopo, tuvumilie milango yake inayokwaruza? Au tuandike yetu, ikae tunavyotaka? Wanaotetea kujenga huitaja Wikipedia kama ushahidi. Nadhani wanaisoma historia hiyo nusu.

Wiki ya kwanza ilifunguliwa tarehe 25 Machi 1995 na Ward Cunningham, mtengeneza programu wa Marekani aliyetaka wenzake waandikiane mbinu za kazi bila kuomba ruhusa kwa mtu. Jina alilitoa uwanja wa ndege wa Honolulu, ambako aliambiwa apande basi liitwalo Wiki Wiki. Kwa Kihawaii maana yake ni haraka haraka. (Wahawaii, bila shaka, hawakuwahi kusikia kwamba haraka haraka haina baraka.) Ilikuwa skripti ya Perl, na wazo lake lilieleweka kwa dakika chache: kila ukurasa una kitufe cha kuuhariri, na ukitaja ukurasa ambao haujakuwepo, kiungo chake kinakualika uuandike.

Kwa kuwa wazo lilikuwa jepesi, kila mtu aliona anaweza kuliandika upya. PhpWiki ikatoka mwishoni mwa 1999. Martin Pool aliandika moja kwa lugha ya Python akaiita PikiPiki, jina ambalo msomaji wa Kiswahili hawezi kulipita bila kutabasamu, na kutokana nayo Jürgen Hermann akatengeneza MoinMoin, iliyokuja kutumiwa na miradi mikubwa kama Ubuntu na Debian. Clifford Adams aliandika UseModWiki, ambayo ilitokana na AtisWiki, nayo AtisWiki ilitokana na CvsWiki. Ukifuatilia ukoo wa programu hizi utadhani unasikiliza bibi akihesabu wajukuu.

UseModWiki ndiyo iliyopata mpangaji maarufu. Jimmy Wales na Larry Sanger walikuwa na mradi wa kamusi elezo ulioitwa Nupedia, iliyoandikwa na wataalamu na kupitia hatua saba za ukaguzi kabla makala haijachapishwa. Mwaka wake wa kwanza ulitoa makala 21. Mapema Januari 2001 Sanger alielezwa kuhusu wiki na rafiki yake, na tarehe 15 mwezi huo huo Wikipedia ikafunguliwa. Siku chache tu kati ya wazo na kazi. Wasingeweza kwenda kwa kasi hiyo kama wangeanza kwa kuandika programu. Walichukua UseModWiki iliyokuwepo, ya bure, faili moja la Perl, wakaiweka kwenye seva, wakaanza kuandika kuhusu dunia. Mwaka ulipokwisha walikuwa na makala karibu 18,000.

Lakini nyumba ya kupanga ina masharti. Katika UseModWiki, kama ilivyokuwa kwa wiki ya Cunningham, kiungo kilitambulika kwa nundu ya ngamia. Neno lenye herufi kubwa moja halikuwa kiungo, na lenye herufi kubwa mbili zilizotenganishwa na ndogo lilikuwa. Jaribu kuandika historia yetu kwa kanuni hiyo. TippuTip angepata ukurasa bila shida. Nyerere asingepata. MlimaKilimanjaro ungepatikana, Zanzibar isingepatikana. Waandishi wa Kiingereza walizungukia tatizo hilo kwa vichekesho: ukurasa mmoja wa mwanzo kabisa uliokusanya majina ya nchi zinazoanzia na herufi U uliitwa UuU.

Kanuni hiyo ilikuwa imetungwa na watengeneza programu kwa ajili ya watengeneza programu, ambao wamezoea kuandika majina yao hivyo. Haikuwa na ubaya hadi ilipokutana na watu waliotaka kuandika kuhusu mito, wafalme na magonjwa.

Na hapa kuna jambo ambalo watetezi wa kujenga hulipita haraka. Watu wa Wikipedia hawakuhama kwa sababu hiyo. Walimwomba mwenye nyumba. Adams alibadilisha UseModWiki ili kiungo kiweze kuandikwa ndani ya mabano mraba mawili, na ndani yake ukaandika jina lolote, lenye nafasi, lenye herufi moja kubwa au bila hata moja. Mabano hayo ndiyo mamilioni ya watu wanayoyatumia hadi leo, na hayakuzaliwa katika programu ya Wikipedia yenyewe. Yalizaliwa mpangaji alipogonga mlango na mwenye nyumba akakubali kutoboa dirisha. Programu huria inaruhusu hilo: hata kama mwenye nyumba angekataa, mpangaji alikuwa na haki kisheria ya kulitoboa mwenyewe.

Kilichoishinda UseModWiki kilikuwa uzito. Kila ukurasa ulikuwa faili ndani ya folda. Ukitafuta neno, programu ilibidi ipekue mafaili. Kwa kijiji cha kurasa mia chache hilo ni sawa, ila kwa makala elfu kumi na kitu, zinazohaririwa mchana na usiku kutoka kila upande wa dunia, si sawa. Kulikuwa na tatizo la pili, lisiloonekana kwa haraka: UseModWiki ilitupa matoleo ya zamani. Kwa mpangilio wake wa kawaida ilitunza yaliyopita kwa siku 14, kisha ikafagia. Kwa wiki ya kikundi kidogo huo ni usafi wa nyumba tu. Kwa kamusi elezo inayotaka kujua nani aliandika nini, ni kuchoma daftari la mahudhurio.

Mwaka huo huo wa 2001 Magnus Manske, mwanafunzi wa biolojia katika Chuo Kikuu cha Cologne, Ujerumani, alianza kuandika programu mpya kwa PHP, yenye hifadhidata ya MySQL badala ya mafaili. PhpWiki ilikuwapo tayari, na kwa lugha hiyo hiyo. Yeye aliandika yake, ikiwa na mambo ambayo kamusi elezo inayahitaji na wiki ya kawaida haiyahitaji sana: maeneo tofauti kwa makala na kwa mazungumzo kuhusu makala, orodha ya kurasa unazozifuatilia, upakiaji wa picha, orodha ya michango ya kila mtumiaji. Tarehe 25 Januari 2002 Wikipedia ya Kiingereza ikahamia humo. Wakaiita awamu ya pili, kama tunavyohesabu marais.

Awamu ya pili haikudumu. Vitu vilivyoifanya ipendwe ndivyo vilivyoilemea, na wasomaji walipoongezeka baadhi yake vikalazimika kuzimwa saa za msongamano. Lee Daniel Crocker akaandika upya tena, na Julai 2002 awamu ya tatu ikaanza kazi. Mwaka uliofuata ilipewa jina, MediaWiki, kwa kupindua jina la taasisi iliyokuwa imetoka kuundwa, Wikimedia.

Ukihesabu vizuri, basi, kipindi cha kujenga kilichukua kama mwaka mmoja, na nyumba ya kwanza waliyoijenga ilibidi ibomolewe baada ya miezi sita. Na angalia walichokijenga. Mfumo endeshi wa seva ulikuwa Linux. Seva ya wavuti ilikuwa Apache. Hifadhidata ilikuwa MySQL. Baadaye walipozidiwa tena walitanguliza Squid mbele ya seva ili kurasa zinazosomwa sana zisitengenezwe upya kila mara, na wakatumia memcached, ambayo Brad Fitzpatrick alikuwa ameiandika 2003 kwa ajili ya tovuti ya LiveJournal. Vyote hivyo walivichukua vilivyo. Walichokiandika wenyewe ni kile tu ambacho hakuna aliyekuwa amewahi kukihitaji kwa ukubwa ule.

Kabla ya yote hayo walikuwa wamepanga mwaka mzima, na mwaka huo ndio uliowafundisha ni vyumba gani watavihitaji. Manske asingejua kwamba kila makala inahitaji ukurasa wa majadiliano kama asingeona watu wakigombana ndani ya makala zenyewe.

Bei ya kuhama ilikuwapo. Ukifungua historia ya makala kongwe za Kiingereza, kwa nyingi utakuta hariri ya Februari 2002 iliyosainiwa na mtumiaji aitwaye Conversion script. Si mtu. Ni skripti iliyobeba maandishi kutoka nyumba ya zamani kwenda mpya, na kama wapakiaji wengine ilifika na makabati bila funguo. Mengi ya yaliyotangulia, hasa ya 2001, hayakuonekana. Mradi uliokusanya maarifa ya ulimwengu haukuwa na kumbukumbu ya utoto wake. Desemba 2010, mtengeneza programu Tim Starling alikuta nakala za akiba za 2001, ndani yake mkiwa na hariri za miezi ya kwanza kuanzia Januari hadi Agosti. Zilipatikana kwa sababu mtu fulani, wakati fulani, alinakili folda. Kwa anayesoma historia kama mimi, hapo ndipo pananikaa kooni: kinachoamua kama tutakuwa na nyaraka au la kinaweza kuwa mstari mmoja katika faili la mipangilio, ulioandikwa na mtu mwema aliyetaka tu kuokoa nafasi ya diski.

Wikipedia ya Kiswahili ilifunguliwa Machi 2003, yaani baada ya kelele zote hizo. Haikuonja nundu ya ngamia. Ilizaliwa ndani ya nyumba iliyokwisha ezekwa, na hii ni faida ya kujenga ambayo hatuizungumzii ipasavyo: mmoja akijenga vizuri, wengine mia tatu wanaingia bure. Lakini kuingia ni jambo moja, na mlango kuongea lugha yako ni jambo lingine. Programu nyingi zilizoandikwa na Waingereza na Wamarekani hudhani kwamba wingi wa kitu unapatikana kwa kubandika herufi mwishoni. Kwetu wingi unaanzia mbele, na unavuta sentensi nzima pamoja nao: mtumiaji mmoja amehariri, watumiaji watano wamehariri. Programu inayounganisha vipande vya maneno kwa kudhani mpangilio wa Kiingereza haiwezi kutafsiriwa kwa Kiswahili hata ukiwa na mfasiri hodari.

MediaWiki ilijifunza hilo polepole, kwa kuwa ilikuwa na wasemaji wa lugha nyingi waliolalamika. Niklas Laxström wa Finland alianzisha tovuti iliyokuja kuitwa translatewiki.net, ambako watu wa kawaida, wasiojua kuandika programu, hutafsiri ujumbe wa MediaWiki sentensi nzima kwa nzima, na programu ikachagua umoja au wingi kulingana na idadi. Ndiyo maana leo ukiingia utakuta Majadiliano, Jamii, Mabadiliko ya karibuni. Maneno hayo yamewekwa na watu, neno kwa neno, kwa miaka. Hii ni kazi isiyohamishika kirahisi. Mtu akiandika wiki mpya kesho, hata iwe nzuri kuliko MediaWiki mara kumi, kwa Kiswahili itaanza na sifuri.

Upande wa pili wa hadithi unao mradi mwingine mashuhuri, Mozilla. Kampuni ya AOL ilipoifunga tovuti ya Netscape iliyofundisha utengenezaji wa kurasa za wavuti, Mozilla ilipata ruhusa ya kuchukua yaliyokuwamo, na mwaka 2005 ikayaweka kwenye wiki. Ni mahali ambapo wengi wetu tuliojifunza kidogo HTML na JavaScript tumepita. Siku hizi panaitwa MDN. Walianza kwa MediaWiki. Mwaka 2008 wakahamia Deki, ya kampuni ya MindTouch, ambayo nayo ilikuwa imeanza kama mchepuko wa MediaWiki. Baadaye kampuni hiyo ikaachana na toleo huria. Mozilla wakaamua kujenga. Agosti 2012 wakazindua Kuma, wiki yao wenyewe, iliyotokana na programu nyingine ya ndani iliyoitwa Kitsune. Kijapani vyote viwili: mbweha, kisha dubu.

Kila kuhama kuliacha taka. Kurasa za Deki zilikuwa zimejaa vijiskripti vilivyoandikwa kwa lugha ya Deki pekee, kwa hiyo Kuma ililazimika kuwa na lugha yake ya vijiskripti ili kuvirithi. Huo ndio ujanja wa deni: unajenga nyumba mpya, na chumba cha kwanza unachokijenga ni cha kuhifadhia vyombo vya nyumba ya zamani. Kuma ilifanya kazi kwa miaka minane na ilihudumia watu wengi sana, lakini wiki haikuwa biashara ya Mozilla. Biashara yake ilikuwa kivinjari. Kila saa iliyotumika kumtunza dubu ilikuwa saa isiyotumika kuandika maelezo.

Agosti 2020 Mozilla ilipunguza wafanyakazi wapatao 250, wakiwemo wengi wa timu ya MDN. Desemba mwaka huo wiki ikaisha. Maandishi yote yakahamishiwa kwenye mafaili ndani ya Git, kwenye GitHub, chombo ambacho kila mtengeneza programu tayari anakijua. Sababu walizozitoa hadharani zilieleweka: jukwaa lilikuwa mzigo kulitunza, na badiliko la mtu yeyote lilitokea mara moja kabla halijakaguliwa. Ukitazama kwa jicho la uhandisi, ulikuwa uamuzi mzuri. MDN haikufa kama wengi walivyohofia.

Lakini tazama nani alibaki nje. Zamani aliyeona kosa la tahajia alibonyeza kitufe akarekebisha. Sasa anapaswa kujua Git, au angalau ajifunze kupendekeza badiliko na kungoja. Na tafsiri ziligandishwa wakati wa kuhama. Zilizofunguliwa tena ni za lugha zilizokuwa na vikundi vilivyojitokeza kuzisimamia, kama Kifaransa, Kijapani na Kichina. Nyingine nyingi ziliondolewa. Sina ugomvi na hesabu yao. Tafsiri iliyopitwa na wakati inaweza kumpotosha mwanafunzi kuliko kukosa tafsiri. Ila ni vyema tuone kwamba swali "tujenge au tutumie kilichopo" halikuulizwa kwa niaba ya mtu wa Lubumbashi au Tanga anayeweza kuandika aya moja nzuri lakini hajawahi kufungua terminali.

Kuna waliojenga na ikawafaa. D. Richard Hipp, mwandishi wa SQLite, alitengeneza Fossil, programu moja inayobeba msimbo, orodha ya kasoro na wiki ndani ya faili moja la hifadhidata, na tangu 2009 SQLite yenyewe inaishi humo. Inawezekana kwa sababu aliyejenga ndiye anayelala ndani, na hana mpango wa kuhama. Na kuna waliopanga wakaumia: Oktoba 2008 kampuni iliyokuwa nyuma ya TWiki ilichukua udhibiti wa mradi kwa masharti mapya, na watengeneza programu wake wengi wakaondoka na nakala ya msimbo wakaanzisha Foswiki. Waliondoka na samani zote, kwa kuwa leseni iliruhusu.

Ninaandika haya kwa sababu katika programu yetu ya uzamili kuna kikundi kidogo kinachokusanya istilahi za wavuvi na mafundi majahazi wa pwani: majina ya pepo, ya mitego, ya vipande vya chombo. Tumekusanya maneno kama mia tisa. Watoaji wa maneno haya wengi wao wana zaidi ya miaka sitini, na mmoja tuliyemrekodi mwaka jana amekwishafariki. Wenzangu wawili, ambao wanaandika Python vizuri kuniliko, wameanza kujenga wiki yetu wenyewe. Wanataka kila neno liwe na sauti ya mzee mwenyewe, ramani ya lilikosikika, na ngeli yake. MediaWiki haiyafanyi hayo yote bila kuongezewa viambata, na viambata vinachosha.

Ninawaelewa. Mimi nimependekeza tuanze na MediaWiki, au hata DokuWiki ya Andreas Gohr, ambayo tangu 2004 inaweka kila ukurasa katika faili la maandishi matupu unaloweza kulisoma hata programu yenyewe ikifa. Sisi wote tunamaliza masomo ndani ya miezi kumi na minne. Nimewauliza nani atajibu seva ikigoma mwezi wa kumi na tano, na matoleo ya zamani yatatunzwa kwa siku ngapi. Swali la pili wamelijibu papo hapo: yote, milele. La kwanza bado. Tumekubaliana kwamba kabla ya mstari mwingine wowote wa msimbo kuandikwa, maneno mia tisa na rekodi zake zinakiliwa kwenye diski tatu, na moja ya diski hizo inapelekwa kwa mwalimu mkuu mstaafu wa kijijini, ambaye amesema ana kabati lenye kufuli.